Birika la Shaba kwa Jicho la Likasi

Mtoto wa Kikula au wa Panda, mitaa ya mji wetu wa Likasi huko Katanga, hahitaji mwalimu wa shaba. Anaokota jiwe njiani, analigeuza juani, anakwambia kama ule ukijani ni malakiti ya kweli au ni rangi iliyopita tu juu ya mwamba. Wakubwa wake wanaouza mawe wanayapeleka kwenye maghala ya wanunuzi, na huko mashine inayoitwa Metorex inasoma namba. Ndiyo elimu yetu. Miaka mia na zaidi tumefundishwa kuuliza swali moja: asilimia ngapi?

Sasa mpe mtu huyohuyo birika la shaba, umuulize kama ni zuri. Atalipima kwa mkono kana kwamba yuko mizanini, atasema, "Ni zito," basi. Mimi nilikuwa hivyo, na iligharimu. Niliwahi kununua birika sokoni, jekundu linalong'aa, muuzaji akiapa kwa jina la mama yake kwamba ni shaba tupu. Nililiteleka juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, na makala yalipokolea nyumba ikajaa harufu ya vernisi inayoungua, na tumbo la birika likageuka madoadoa meusi. Jirani mmoja mzee alikuja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Ikanata kwenye ubavu wa birika kama kupe. "Papa," akasema, "hii haiko shaba, iko rangi tu." Chuma kilichovikwa shaba nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na aliyeuziwa ni mtu wa Likasi!

Basi, somo la kwanza nimekupa bure: nenda na sumaku. Shaba haishikwi na sumaku, wala shaba nyeupe, wala bati linalopakwa ndani. Ikinata popote isipokuwa kwenye msumari wa mshikio, rudisha birika mahali pake na umshukuru muuzaji kwa heshima. Lakini sumaku inakuambia tu kitu gani si shaba. Haikuambii kama hiyo shaba imefanyiwa kazi. Kwa hilo nililazimika kujifunza kutoka mbali, kwenye birika lililoletwa kutoka Japani, ambalo nililikuta nyumbani kwa rafiki yangu Lubumbashi. Lilikuwa la kahawia iliyokolea, bila ua wala joka, limejaa alama za nyundo kama maji ya mto yanapopitiwa na upepo. Nililitafuta mshono kwa kidole, kuanzia kitako mpaka ncha ya mdomo. Sikuuona.

Lilitoka Tsubame, mji wa mkoa wa Niigata. Huko, karakana iitwayo Gyokusendo imekuwa ikifua vyombo vya shaba tangu 1816. Kabla ya hapo watu wa Tsubame walijulikana kwa kufua misumari. Shaba ikapatikana jirani, kwenye mlima Yahiko, fundi msafiri kutoka Sendai akawaonyesha namna ya kuinua bamba liwe chombo, na mji ukakaa na nyundo hiyo mpaka leo. Mwaka 1873 vyombo vyao vilikuwa kwenye maonyesho ya dunia ya Vienna. Leo Tsubame ni mji wa viwanda vya vijiko na vyombo vya chuma kisichoshika kutu, lakini ufundi huo wa nyundo, wenyewe wanauita tsuiki, haujazimika, na mwaka 1981 serikali yao iliuandika rasmi kuwa sanaa ya jadi ya taifa.

Nikiwaza habari hiyo, wivu unanishika kidogo. Mlima wao wa shaba, ukiuweka karibu na machimbo yetu ya Kambove, ni kichuguu.

Na kutamka neno Japani hapa Likasi si jambo jepesi. Kilomita 20 hivi kutoka mjini iko Shinkolobwe, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwenye shimo lile. Baadaye Wajapani walikuja wenyewe Katanga: kampuni ya Nippon Mining ilifungua mgodi wa Musoshi, mpakani na Zambia, ukaanza kutoa shaba mwaka 1972. Walikaa miaka kadhaa. Walifuata mawe kama wengine wote. Nyundo zao walikuwa wameziacha kwao.

Nyundo, hata hivyo, haikuwa ngeni kabisa. Kabla mji huu haujaitwa Jadotville, na kabla haujarudi kuwa Likasi mwaka 1966, wayeyushaji wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha malakiti kwa makala na mivuo, wakimimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari, na iliyowekwa juu ya maiti kaburini huko Sanga, kando ya Lualaba. Wayeyushaji hao waliitwa wala-shaba. Bayeke wa mtawala Msiri, waliotoka upande wa Unyamwezi na kuketi Bunkeya, walivuta shaba ikawa waya mwembamba wa kufuma bangili. Msalaba ule uliingia hata kwenye sarafu za Katanga za mwaka 1961. Lakini angalia kazi zenyewe: msalaba humiminwa, waya huvutwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobeba maji. Na zile picha za shaba zinazouzwa hapa na Lubumbashi, vinyago na tembo na mama mwenye mtungi kichwani, zimepigwa nyundo kwa nyuma na mafundi wenye mkono mzuri sana. Ila picha huning'inizwa ukutani, na upande wa nyuma hautazamwi na mtu. Birika halina mahali pa kuficha nyuma. Nyuma yake ndiyo ndani yake, na ndani ndimo tunamonywea.

Kwa hiyo ukilishika birika, anza na kifuniko: kiondoe. Usilitazame tumbo kwanza, maana tumbo limetengenezwa litazamwe.

Birika la shaba la kupikia au kumiminia chai linatakiwa liwe limepakwa bati ndani. Sisemi bati la paa. Nasema bati lenyewe, yale madini meupe yaliyofanya jina la Manono. (Shaba ya Likasi na bati la Manono vilikuwa mkoa mmoja mpaka mgawanyo wa 2015, na bado birika lenye vyote viwili tunaagiza nje.) Bati zuri lina weupe wa kijivu, tulivu, na ukiinamisha chombo kwenye mwanga utaona mapito ya kitambaa cha fundi aliyelisambaza likiwa bado la moto. Hayo mapito si kasoro. Ukikuta ndani kunang'aa kama kioo cha gari, hiyo ni kromu au ni kitu kingine, uliza. Ukikuta matone yaliyoganda kwenye kona ya kitako, fundi alikuwa na haraka. Ukikuta weusi unaopaka kidole au unaoacha mstari mzito kwenye karatasi nyeupe, shuku kwamba bati limechanganywa na risasi, na hapo hakuna mjadala wa bei tena: usilinywee.

Na shaba tupu isiyopakwa kitu? Kwa kuchemshia maji matupu na kuyamimina mara moja, wapo wanaoitumia. Kwa chai yenye ndimu, au chai iliyolazwa ndani mpaka asubuhi, hapana. Asidi huila shaba, na shaba iliyoliwa huingia kikombeni. Kichefuchefu kitakufundisha kuliko mimi. Kumbuka pia kwamba bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, wakati shaba yenyewe inahitaji 1,085. Mbabula yenye makala mekundu inavuka 232 bila shida. Maji yakiwemo, yanalilinda bati, kwa kuwa hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Yakikauka, bati linakusanyika chini kama jasho. Ukiona birika lililotumika lina kidimbwi cha bati kilichoganda katikati ya kitako, jua liliwahi kusahauliwa jikoni.

Sasa pitisha kidole. Kazi ya tsuiki huanza na bamba la duara, nene kiasi cha milimita moja au zaidi kidogo. Fundi hukaa kwenye gogo la mti mgumu lenye matundu, na katika matundu hayo huchomeka fuawe za chuma zenye shingo ndefu, zinazoitwa toriguchi, yaani mdomo wa ndege. Karakana moja inaweza kuwa na mamia, kila moja na mkunjo wake. Bamba huwekwa juu ya fuawe na kupigwa kuzunguka. Ukingo unaanza kukunjana kama sketi, na kila kunyanzi lazima lipigwe mpaka life kabla halijawa ufa. Wenye kudhani kwamba bamba hutanuliwa wamekosea. Kazi ngumu ni kulibana, kulilazimisha duara pana liwe shingo nyembamba bila kukatwa.

Na shaba ina tabia. Unavyoipiga ndivyo inavyoshupaa, mpaka inakataa. Fundi huirudisha motoni, karibu nyuzi 650, ikawa nyekundu hafifu, akaizamisha kwenye maji, ikalainika kama ngozi iliyotiwa mafuta, akaanza tena. Birika moja linaweza kurudi motoni mara nyingi sana. Asiye na subira hupunguza safari hizo, na matokeo yake huyaoni dukani. Utayaona mwezi wa tatu, ufa mwembamba kama unywele ukijitokeza begani au kwenye shina la mdomo, pale shaba ilipopigwa ikiwa imeshakataa.

Hapa ndipo alama za nyundo zinapokuwa maandishi. Mtindo wa sasa wa Wajapani wengi umeacha mapambo ya zamani. Hakuna ua, hakuna dhahabu iliyotiwa, umbo limebaki kama yai au kama boga, na pambo pekee ni nyundo. Wengine wanaona umaskini. Mimi naona ujasiri, kwa sababu ua moja la kuchonga linaweza kufunika dosari kumi, na alama za nyundo haziwezi kufunika hata moja. Zisome hivi: kwenye tumbo ziwe pana, zikielekea shingoni ziwe ndogo na za karibukaribu, zikifuata mkunjo kama magamba ya samaki yanavyofuata mwili. Mapigo yasiingiliane ovyo. Kati ya alama na alama kusiwe na jeraha lenye kona kali, maana hiyo ni nyundo iliyoshuka kwa ubavu. Viwanda vimejua kwamba tunapenda alama hizi, navyo hukandamiza bamba kwa mashine likatoka na vishimo. Hivyo ni rahisi kuvitambua: vyote vina ukubwa mmoja, vinajirudia kwa mpangilio uleule kama kitenge, na mara nyingi vinakatika ghafla pale pa kuungia. Mkono wa mtu haujirudii.

Gonga kidogo kwa ukucha. Birika lililofuliwa vizuri hulia, sauti inakaa kidogo halafu inaondoka. Bamba laini lililokunjwa tu na kuunganishwa husema "tak" kama kopo. Kwa kipimo hiki usijiamini sana ukiwa sokoni penye muziki.

Mdomo ndio unaotenganisha mafundi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza mdomo peke yake na kuuunga tumboni kwa lehemu au misumari. Ya pili ni kuutoa mdomo katika shaba ileile ya tumbo: fundi huacha nyama upande mmoja wa bamba, akaisukuma nje pole kwa pole, kama mtu anayevuta sikio la mtoto asiumie. Birika nililoliona Lubumbashi lilikuwa la namna hii, na bei yake nilipoambiwa niliweka kikombe chini kwanza. Njia ya pili ni ngumu mno na wanaoijua ni wachache. Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba hiyo pekee ndiyo birika. Mdomo uliounganishwa kwa lehemu safi na unaomimina sawasawa ni bora kuliko mdomo wa bamba moja unaodondosha chai mezani. Unachotafuta kwenye muungo ni mstari mwembamba, sawa pande zote, usio na vifundo, na ndani pasiwe na ukuta wa lehemu unaozuia majani. Uliza pia lehemu hiyo ni ya nini. Lehemu ya mafundi redio ina risasi. Haifai kabisa kwa chombo cha chai.

Halafu omba maji. Muuzaji akikataa kulijaribu birika lake kwa maji, umeshapata jibu. Jaza robo tatu. Tazama kama ncha ya mdomo iko juu ya usawa wa maji, na afadhali iwe sawa na ukingo wa juu, la sivyo litamwaga lenyewe kabla hujainamisha. Mimina taratibu: uzi wa maji utoke mzima, wa mviringo, usiosokotwa wala kupasuka vipandevipande. Mimina kwa kasi: kifuniko kibaki mahali pake. Kisha simamisha mkono ghafla. Huu ndio mtihani wenyewe. Kwenye mdomo uliokatwa vizuri tone la mwisho hurudi ndani. Kwenye mdomo mbaya hujipinda chini ya ncha na kuteremka shingoni, likafika kwenye kitambaa cha meza cha mama mkwe. Ncha iwe nyembamba na kali kidogo kwa chini, isiwe ya mviringo kama mdomo wa kikombe. Ziba tundu la hewa la kifuniko kwa kidole huku ukimimina: maji yakipungua mpaka yakakaribia kusimama, kifuniko kimekaa barabara. Kwa mabuli ya udongo ya Kijapani, yale ya Tokoname yenye mshikio ubavuni, kipimo hiki ni kikali zaidi, kwani kifuniko na tumbo hutengenezwa vikae pamoja.

Mshikio nitaupita haraka. Shaba hupitisha joto mara tano hivi zaidi ya chuma, kwa hiyo mshikio wa shaba tupu juu ya makala ni adhabu. Uwe na mviringo wazi ndani, au uvikwe henzerani, au uwe wa kitu kingine. Linyanyue birika likiwa limejaa, si tupu. Kiganja kisilazimike kujipinda.

Rangi ina uongo mwingi. Shaba iliyosuguliwa haikai nyekundu, na anayekuuzia wekundu wa kudumu amekuuzia vernisi. Tsubame wana njia zao za kuipa shaba rangi: huichovya kwenye dawa yenye salfa ikawa nyeusi, wakaisugua ikatoa kahawia, au huipaka bati kwa nje, wakaichoma, wakaipitisha kwenye salfa na kuichemsha na chumvi za shaba, ikatoka na zambarau iliyofifia yenye dhahabu ndani yake. Rangi hiyo si koti. Ni shaba yenyewe iliyobadilika ngozi, kwa hiyo haichubuki, na ukiifuta kila siku kwa kitambaa kikavu inazidi kukolea. Kagua pembezoni mwa kifuniko na chini ya kitako. Rangi ya kupaka huanza kuondoka hapo, kwa vipande. Rangi ya kweli hupungua kama nguo inavyopauka juani, bila mpaka.

Madukani utakutana zaidi na mabuli ya chuma cha kumimina yenye vipele mwili mzima. Asili yake ni Nambu, mkoa wa Iwate, huko Japani. Mafundi wetu wanaomimina sufuria za alumini kwenye mchanga wangeielewa kazi ile kwa siku moja. Ila geuza uangalie ndani: likiwa na enameli nyeusi inayong'aa, ni buli la kulaza majani, haliwekwi motoni kamwe. La kuchemshia maji halina enameli. Wauzaji huwa wanasema vyote vinawezekana.

Je, Likasi tunaweza kuwa na birika letu? Mafundi wa picha za shaba wana nyundo, wana macho. Shaba inayotoka kwenye mabeseni ya umeme ya kiwanda cha Shituru ni safi kwa asilimia 99 na ushee, lakini inaondoka kwa treni na malori ikiwa bamba zima, na fundi wa mtaani huambulia chakavu. Ukimwagizia kazi, muulize shaba aliipata wapi. Waya wa umeme ni shaba nzuri kabisa ya kuyeyusha. Ila kama mtaa mzima uko gizani tangu juzi, ahirisha kununua.

Nimemwagizia mmoja, Kikula, birika la bamba moja bila mshono. Nilimchorea mdomo kwenye karatasi ya daftari, akaitazama sana, akaniuliza kama mzungu gani amenituma. Ni mwezi wa nne sasa. La kwanza lilipasuka, la pili likapasuka. Jana amenionyesha la pili: tumbo lake ni zuri, alama za nyundo zimepangana kama mawe ya kisima, na pale shina la mdomo linapotoka tumboni kuna ufa wa urefu wa punje ya mchele. Alikuwa amelipiga mapigo machache zaidi kabla ya kulirudisha motoni, akidhani shaba bado inamsikiliza. Hakulitupa. Amelitundika kwenye msumari juu ya fuawe yake, mdomo ukitazama chini, na la tatu lilikuwa makalani linaanza kuwa jekundu.